Kidole cha Mudathiri kwenye Shift ya Kulia

Mudathiri alikuwa na kipande cha samaki wa kukaanga mdomoni alipomwona mtu akiondoka na baiskeli ya watu mchana kweupe, na wenye baiskeli wanacheka.

Ilikuwa Kibiti, hatua chache kutoka barabara kuu, kwenye msiba wa mzee mmoja. Mwizi mwenyewe, jibaba la miraba minne lililojitanda kanga ya kike kichwani, aliingia uani kwa marehemu, akatoka na baiskeli, akaipanda, kisha akautangazia umma kwamba mzee huyo alikuwa bahili tangu ujana na sasa ataifuata ahera kwa miguu. Wafiwa walishika mbavu. Hata mjane alijificha uso kwenye ushungi, na mabega yake hayakuwa yakitikisika kwa kilio.

"Dada," Mudathiri akamwuliza Tabu, mwuza samaki, "hapa kwenu mwizi anachekewa?"

"Mwizi yupi? Yule Shaabani, Mnyamwezi. Mtani wetu."

"Mtani ndiyo achukue baiskeli ya maiti?"

"Msibani mtani anachukua anachotaka, na mwenye kitu hakasiriki. Akikasirika, yeye ndiye mwenye makosa. Wewe kaka ni kabila gani hata utani huujui?"

Kabila la Mudathiri lilikuwa Ilala. Huko ndiko alikozaliwa, huko ndiko alikojifunza kutolipa kodi ya chumba, na kama kulikuwa na ukoo nyuma ya hapo hakuna aliyemsimulia. Lakini kati ya kutafuna na kumeza alikuwa amekwishahama kabila.

"Mimi? Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Nilikuwa nakupima tu."

"Kumbe mtani," alisema Tabu, akamnyang'anya samaki aliyebaki mkononi, akamla yeye. Mudathiri akacheka kwa adabu, akajipangusa vidole, na somo lililokuwa limelala pale mbele yake akaliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Hakungoja hata kuona Shaabani na baiskeli yake wanaishia wapi. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe tuieleze kwa heshima inayostahili. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, serikali imeachia biashara, na kila mwenye meza na kiti alijiita mkurugenzi. Kompyuta zilishuka kutoka Dar juu ya malori, zimeviringishiwa magodoro zisivunjike, na kila mji wenye jenereta ukapata ofisi moja au mbili za kuchapa barua. Wenye ofisi walizifunika mashine zao kwa vitambaa vya kufuma, wakawataka wateja wavue viatu mlangoni, na juu ya mashine zenyewe hawakujua lolote. Juu ya ujinga huo Mudathiri alijenga maisha.

Aliwahi kusoma kompyuta Kariakoo, mpaka siku mwalimu alipogundua kwamba halipi. Alichotoka nacho darasani ni elimu ya kidole kimoja. Watengenezaji wa kompyuta, kwa kuwahurumia watu wenye mikono inayotetemeka, waliweka humo msaada: ukiikandamiza Shift ya kulia na kuishikilia, mashine hupiga filimbi, kinatokea kisanduku cha Kiingereza, na ukikijibu kwa Enter, tangu hapo mashine haijali tena mguso wa haraka. Kila herufi lazima uikandamize uingoje, mpaka uishikilie tena Shift ile ile ndipo msaada unazimika. Kwa mwenye mkono wa kutetemeka ni rehema. Kwa mchapaji mwenye haraka zake, mashine imekuwa kiziwi. Na kuna msaada wa pili: ukiigonga Shift mfululizo, vile vitufe vya kusaidia wenzao, Shift, Ctrl na Alt, vinaanza kunata. Unakigusa kimoja, unaondoa mkono, na mashine inaamini bado umekishika.

Mudathiri alizichukua rehema hizi mbili akazifanya mtaji. Anaingia ofisini kama mteja, kidole chake kinafanya dhambi, mashine inaugua, na hapo hapo, bahati iliyoje, mteja anajikuta ni injinia. Kule Nyamwage alimnatishia Ctrl mfanyabiashara mmoja wa mbao, ambaye aligusa herufi na mkataba mzima ukageuka rangi, akagusa nyingine ukatoweka, akakaribia kuzimia. Mjini Ikwiriri alimweleza mwenye ofisi kwamba kuna kirusi kinachoingia na upepo wa feni. Mwenye ofisi alizima feni, akapigiwa mashine yake "chanjo" kwa disketi tupu, akalipa, akashukuru, na akamfungia injinia mchele wa njiani. Mimi sina huruma nao. Mtu anayezima feni Ikwiriri kwa sababu ya kuambiwa hivyo na kijana aliyevaa miwani isiyo na vioo, huyo kaomba mwenyewe.

Ila mpaka siku hiyo Mudathiri alikuwa akila ugonjwa tu. Hakuwahi kuwaza kwamba hata kifo kina ulaji wake. Sasa aliona njia: atangaze kwamba kompyuta imekufa, msiba uwe msiba, halafu yeye mtani aondoke na mwili.

Ofisi ya Bi Sihaba ilikuwa mkabala na stendi, chumba kimoja chenye pazia la maua na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Bi Sihaba alikuwa mjane mwenye mwili na sauti, na alikuwa na dhuluma yake ndogo. Alitoza kwa ukurasa, basi akaandika kwa herufi kubwa mno, na barua ya kuomba kazi ya ulinzi ilitoka kwake ina uzito wa Msahafu. Mkulima aliyekuja kulalamika kwamba viboko wamemaliza mpunga wake aliondoka na furushi la malalamiko, bila nauli ya kulifikisha. Kwa hiyo na yeye tusimlilie mapema.

Lakini ile mashine ndiyo iliyokuwa imesimama kati yake na Mbwara, kijijini kwao. Aliuza minazi ya urithi ili ainunue. Kaka zake walimcheka, wakamwambia kwamba siku chuma hicho kitakapokufa atarudi kukaa dunguni, kwenye kile kibanda cha juu ya miti katikati ya mpunga, kufukuza ndege na nyani kwa makelele mpaka uzee umkute huko huko. Bi Sihaba alimalizia usichana wake wote dunguni. Aliapa kwamba ni heri jela, maana jela walau kuna watu wa kuzungumza nao.

"Hodi, mtani wangu mnene," alisema Mudathiri akivua viatu mlangoni.

Bi Sihaba akainua macho. "Karibu. Utani umeuanzia wapi, hata salamu hatujapeana?"

"Mimi Mnyamwezi. Ninyi Wandengereko mlikuwa wapagazi wetu, salamu ya nini?"

"Wapagazi mlikuwa ninyi, baba. Lakini keti. Mtani hafukuzwi."

Mudathiri akaketi, tena si kwenye kiti cha wateja bali upande wa ndani wa meza, begi lake miguuni. Alitaka barua ya kuomba kazi. Bi Sihaba akasogeza pembeni kadi za harusi alizokuwa akizichapa, za binti wa mnunuzi wa korosho ambaye angezifuata jioni hiyo hiyo, akauliza barua inaelekezwa kwa nani.

"Kwanza hilo doa kwenye kioo, bibie. Pale juu. Linaniumiza macho."

Bi Sihaba akanyanyuka na ncha ya kanga kufuta doa ambalo halikuwapo. Mudathiri akatandaza gazeti lake juu ya kibodi, mkono ukabaki chini ya gazeti, na kidole kikaikalia Shift ya kulia kwa utulivu wa mtu anayeswali. Mashine ikapiga filimbi.

"Saa yangu hiyo," akasema. Akabonyeza Enter, akakunja gazeti.

Bi Sihaba akagonga. Kioo hakikuandika kitu. Akagonga kwa nguvu, akagonga kwa mikono miwili, akagonga upande wa herufi na upande wa namba. Alifanya yote ambayo mwenye kompyuta wa miaka ile alijua kufanya: akapuliza vumbi, akachomoa waya wa kibodi akauchomeka tena, akakipindua kibodi na kukipiga mgongoni, zikadondoka punje za wali, pini ya ushungi na makombo ya vitumbua. Mashine ilikuwa inangoja tu mtu aikandamize herufi na kuishikilia kidogo. Lakini mwenye hofu hashikilii kitu, anagonga.

"Niizime niiwashe?" aliuliza.

"Usithubutu," Mudathiri akamzuia haraka. "Ukizima sasa haiwaki tena milele. Bahati yako mimi ni injinia."

Akavaa miwani. Akaegemeza sikio kwenye kasha, akafumba macho, akagusa vitufe kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi kama daktari anayetafuta panapouma.

"Tangu lini hakohoi?"

"Hajawahi kukohoa."

"Ndiyo dalili mbaya." Akashusha pumzi. "Tazama, bibie. Imeanzia Shift ya kulia, imekufa ganzi. Ganzi ikapanda Ctrl. Ctrl ikaikabidhi Alt. Ikishafika Alt imefika moyoni, na hapo hakuna injinia, wa hapa wala wa Japani."

"Una maana gani?"

"Pole sana, mtani. Huyu katutoka."

Bi Sihaba alilia. Tusimsingizie kwamba alikuwa anaigiza, alilia kweli, kilio cha kujitupa chini, kwa sababu ameliona dungu, ameziona ngazi zake za miti na nyani wamejipanga wanamsubiri. Na Kibiti haijui kupuuza kilio. Wale waliokuwa kwenye msiba wa mzee, ambao wameshazika na wameshakula, waliposikia kilio kingine mkabala na stendi walikuja na mikeka yao. Kufika wakaambiwa aliyefariki ni kompyuta. Wachache walirudi. Wengi walikaa, maana msiba ni msiba, na ofisini mlikuwa na kivuli.

Mudathiri alipoona watu wametosha, akasimama, akaikumbatia mashine.

"Mimi mtani," akatangaza. "Mwili ni wangu. Marehemu alikuwa anaandika herufi kubwa kuliko mwenyewe. Naondoka naye."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mambo yalikuwa yananyooka kuliko alivyotarajia. Bi Sihaba naye akanyamaza, akaketi pale sakafuni, akamtazama. Alimtazama sana. Mtu huyu aliyesema kitu kimekufa mpaka moyo alikuwa amekikumbatia kwa uangalifu wa aliyebeba mayai, kidevu kimezuia kioo kisiyumbe, na anatafuta kwa vidole vya miguu waya wa kuchomoa.

Bi Sihaba akafuta machozi.

"Sawa," akasema. "Mtani kachukua, nami sikasiriki. Jamani, mniitie Shaabani aje amwone ndugu yake."

Shaabani hakuwa mbali. Aliingia ametapakaa tope kuanzia utosini, ana kiatu kimoja, na kwapani amebana kuku.

"Baiskeli iko wapi?" Mudathiri alimwuliza, kwa sababu ghafla alitaka sana kujua.

"Wameikomboa kwa huyu kuku. Halafu wakanigaragaza tope, wakachukua kofia, kiatu na kibiriti changu. Msiba mzuri sana ule."

"Wamekuchukulia vitu vyako?"

"Sasa ndugu yangu, utani wa huko kwenu ni wa upande mmoja?"

Tabu mwuza samaki alimvua Mudathiri saa. Mtu mwingine aliichukua miwani, akatia vidole mahali pa vioo, akawaonyesha wenzake. Shati lilikwenda kwa bibi mmoja aliyesema litamfaa mjukuu. Viatu alivyovua mwenyewe mlangoni vilikuwa vimeshakwenda tangu zamani. Yote haya yalifanyika kwa vicheko na kwa upole, na Mudathiri, mikono yote miwili imekumbatia kompyuta, hakuwa na mkono wa kujitetea. Kisha Bi Sihaba akavuta begi kutoka chini ya meza.

Ndani ya begi kulikuwa na Nyamwage yote na Ikwiriri yote. Mudathiri akaiachia kompyuta mezani.

"Hilo begi hapana," akafoka. "Jamani, hilo ni mali yangu. Acheni mchezo."

Vicheko vikakatika.

"Mtani anakasirika?" Shaabani akauliza, si kwa ukali. "Wewe, kwani Tabora ni wa wapi?"

"Mjini."

"Mjini kwa nani?"

Mudathiri akamtazama, akautazama mlango, akaona njia moja tu. "Basi mimi si Mnyamwezi. Haya. Nirudishieni vitu vyangu."

"Ndivyo nilivyokuwa nafikiri," alisema Bi Sihaba. "Aliyekuwa mtani kachukua kompyuta yangu kwa utani. Kama si mtani, basi alichofanya kina jina jingine, na kituo cha polisi kile pale kwenye bati jekundu. Sema tena, baba, watu wasikie vizuri. Wewe ni nani?"

Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta.

"Mimi Mnyamwezi," alisema Mudathiri kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natania."

Wakamvua na mkanda, wakamtoa nje kwenye tope la nyuma ya stendi, na Shaabani mwenyewe akawasaidia kumgeuza.

Bi Sihaba alibaki ndani peke yake na marehemu. Akaketi kwenye kiti chake, akaweka vidole mahali pake kwa uchungu tu, kama mtu anayemshika maiti mkono. Herufi ikatokea. Akagonga ya pili, ikatokea. Msomaji aelewe: watengenezaji wale wale waliohurumia mikono inayotetemeka walifikiri pia kwamba mwenye mkono huo atainuka, na atakayekaa baada yake huenda ni mzima. Kwa hiyo mashine ikiachwa muda bila kuguswa, msaada unajiondoa wenyewe. Somo hilo lilifundishwa Kariakoo baada ya Mudathiri kufukuzwa. Bi Sihaba hakulijua pia, lakini alijua kutazama. Akaandika mstari mmoja kwa herufi zake kubwa, SIHABA HARUDI DUNGUNI, akakifunika kioo kwa kitambaa cha kufuma, akangoja.

Mudathiri akarudishwa, anachuruzika.

"Bibie," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi zote, "nirudishie begi. Nirudishie nami nitamfufua."

"Unaweza?"

"Ni kazi ngumu, ila kwa ajili yako."

"Fufua nione."

Watu wakasogea. Mudathiri akapangusa kidole kwenye suruali, akanong'ona maneno ya Kiingereza aliyoyaokota kwenye maboksi, akaikandamiza Shift ya kulia, akaishikilia. Bi Sihaba hakumtazama usoni, alitazama kidole. Mashine ikapiga filimbi. Mudathiri, kwa uzoefu, akabonyeza Enter bila hata kuona kilichoandikwa chini ya kitambaa.

"Tayari. Kapumua. Andika."

Bi Sihaba akafunua kioo, akagonga. Hakuna kitu. Akagonga tena, watu wote wanaona. Hakuna kitu.

"Huu mstari," akasema akiwaonyesha watu, "nimeuandika sasa hivi, wakati mtani anaogeshwa. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Kaja, kaweka kidole hapa, kaiua mbele yenu."

Mudathiri akakiondoa kidole, akakificha nyuma ya mgongo.

"Weka tena kidole," Bi Sihaba akaamuru.

Akaweka. Filimbi. Bi Sihaba akagonga, herufi zikatiririka.

"Tena."

"Bibie, nimekuelewa, nisamehe."

"Sijakuuliza kama umenielewa. Tena, na utoe hicho kiwiko, kinanitilia giza."

Akarudia. Mashine ikafa, ikafufuka, ikafa, mpaka Bi Sihaba akakiondoa kile kidole cha Mudathiri na kuweka cha kwake, akaiua na kuifufua mwenyewe. Kisha akalinyanyua begi, akalipima uzito kwa mkono.

"Na ule mwingine?"

"Upi?"

"Mtu mwenye ujanja mmoja hatembei na begi zito hivi."

Mudathiri akamfundisha na kunata kwa Ctrl. Alimfundisha vizuri, kwa mpangilio, na mwalimu wake wa Kariakoo angeona fahari. Desturi ikatimizwa kwa ukamilifu: kompyuta ikakombolewa rasmi kwa kitumbua cha jana, na Mudathiri akatakiwa ashukuru na akile pale pale mbele ya watu. Akala. Akaondoka Kibiti kifua wazi, kabila lake jipya analo, na hakuna mtu aliyemfukuza wala kumtukana, wote walimpungia mkono wakamwita mtani.

Kadi za harusi zilitoka jioni ile, jina la bwana harusi limejaa ukurasa mzima.

Sasa kuna msomaji mwenye moyo safi anayedhani Bi Sihaba alilirudisha lile begi Nyamwage na Ikwiriri kwa waliodhulumiwa. Msomaji huyo ndiye anayezima feni. Bi Sihaba alilihesabu begi kuwa ni mali ya utani, haidaiwi wala hairudishwi, akanunua doti mpya ya kanga, na siku chache baadaye akaonekana Ikwiriri, kwenye ofisi ya yule bwana wa kirusi cha upepo, ameletewa kiti na soda.

"Nilikuwa napita tu," akasema. "Sisi wenye mashine tujuliane hali. Ile chanjo ya yule kijana wa Dar imekushika?"

"Imeshika, alhamdulillahi. Tangu siku ile haijaugua."

"Mungu mkubwa." Bi Sihaba akainama kuisifu kompyuta, akaegemeza mkono wake mnene upande wa kulia wa kibodi, na kwa mkono wa pili akaonyesha juu ya kioo. "Na hilo doa pale, kaka yangu, ni la nini?"

Mwenye ofisi akanyanyuka kwenda kulifuta. Nyuma yake mashine ikapiga filimbi.